HIKAMA NA CHENZA KATIKA MASHAMBA YA NGONG NA KITENGELA

(Mazungumzo kwa wakulima wa Kajiado)

Mtu atokaye Ngong akashuka kwa njia ya Kiserian, kisha akaelekea Isinya na Kitengela, huona jambo moja likirudiwa kila mahali. Pale palipokuwa malisho ya ng'ombe miaka iliyopita, sasa pana viwanja vilivyozungushiwa waya, na katika kila kiwanja pana nyumba na tangi la maji. Wenye viwanja hivi ni watu wa kila namna. Wako Wamasai waliopata sehemu yao baada ya kugawanywa kwa ardhi iliyokuwa ya pamoja, na wako wafanya kazi wa Nairobi waliokuja kujenga. Wote wana swali moja: katika ardhi ndogo namna hii, yenye mvua chache, yafaa kupandwa nini?

Miongoni mwa mimea inayotajwa siku hizi iko miwili isiyofanana hata kidogo. Wa kwanza ni hikama, kiazi kigeni kilichotoka Meksiko. Wa pili ni klementina, nalo ni chenza tamu lisilo na mbegu, lenye ganda jepesi kumenyeka. Mmoja hukaa chini ya udongo na kuvunwa kabla mwaka haujaisha; mwingine ni mti uwezao kuishi kuliko aliyeupanda. Makusudi ya mazungumzo haya ni kuipima mimea hii miwili kwa haki, ili mtu asitumie fedha zake na maji yake kabla ya kujua atakachopata.

ASILI YA MIMEA HII

Hikama ni jamii ya kunde, ingawa huliwa kiazi chake wala si mbegu zake. Watu wa Meksiko na Amerika ya Kati waliilima tangu zamani sana. Waspania waliichukua wakaipeleka Ufilipino, na kutoka huko ikaenea katika nchi nyingi za Asia. Katika Afrika ya Mashariki si jambo la jana kabisa, kwani mwanzoni mwa miaka ya 2010 jamii za mmea huu zilijaribiwa katika Uganda, Rwanda na Burundi, kwa msaada wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, ambacho makao yake makuu yako Lima, Peru. Lakini kwa mkulima wa Kajiado bado ni mgeni.

Klementina asili yake ni karibu na mji wa Oran katika Algeria. Huko Misserghin, mtawa mmoja Mfaransa aliyeitwa Clément Rodier aliutunza mti ambao matunda yake yalikuwa mazuri kupita machenza ya kawaida. Mwaka 1902 Louis Trabut, mtaalamu wa mimea, aliliita tunda hilo kwa jina la mtawa yule. Wataalamu wa leo wanajua kwamba mti huo ulitokana na mchanganyiko wa chenza na chungwa tamu.

UDONGO

Hikama hutaka udongo mwepesi, wenye mchanga, usiotuamisha maji. Kiazi chake hunenepa kama bofulo, na udongo ukiwa mgumu hukibana, kikatoka kidogo na kilichopindika. Mchenza nao hutaka udongo wenye kina upitishao maji, kwa kuwa mizizi yake huoza upesi ikisimama majini.

Hapa ndipo tofauti ya mahali inapoonekana. Ngong, hasa miteremkoni, ina sehemu nyingi za udongo mwekundu upitishao maji vizuri. Lakini sehemu kubwa ya tambarare ya Kitengela ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua inaponyesha udongo huo hunata kama gundi na kushika maji, na jua linapowaka hupasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi huweza kuingia. Udongo huu haufai kupandwa hikama bila ya matayarisho, wala mchenza haufai kuchimbiwa shimo la kina ndani yake, kwani shimo hilo litakuwa bakuli la maji.

Dawa ya jambo hili ni kuinua udongo. Kwa hikama, yafaa kufanya matuta ya futi moja na nusu kwenda juu, yaliyochanganywa na mchanga wa mtoni na mboji iliyooza sawasawa. Kwa mchenza, yafaa kufanya kichuguu kipana cha udongo mzuri na samadi, kisha kuupanda mche juu yake. Mti uliopandwa katika bakuli la udongo mweusi huanza kutoa utomvu katika shina karibu na ardhi; magamba huoza, majani hugeuka manjano, na mwisho mti hufa. Mwenyewe hudhani umekosa maji, naye huzidi kuumwagilia, kumbe ndivyo anavyoumaliza.

BARIDI NA JOTO

Hikama hupenda joto, na huhitaji miezi mitano hadi tisa tangu kupandwa hata kuvunwa. Katika nchi za mbali na Ikweta hutegemea pia majira ya mchana mfupi ili itie kiazi. Katika Kenya hilo si tatizo, kwa maana mchana wa hapa hukaribia saa 12 mwaka mzima. Tatizo ni baridi. Vilele vya milima ya Ngong hupita futi 8,000, na mji wenyewe uko zaidi ya futi 6,000. Mtu akipanda hikama wakati wa masika ya Machi, mimea itakutana na baridi ya Juni, Julai na Agosti kabla haijakomaa, nayo itasimama pasipo kukua.

Kwa sababu hiyo yafaa zaidi kupanda mvua za vuli zinapoanza, mwezi wa Oktoba au Novemba, ili mmea upitishe miezi ya joto na kuvunwa Mei au mwanzo wa Juni. Mkulima afanyaye hivyo lazima awe na maji kidogo ya kuivusha mimea katika ukavu wa Januari na Februari. Kitengela na Kajiado, ambako jua ni kali kuliko Ngong, huifaa hikama zaidi kwa upande wa joto, ingawa Ngong huishinda kwa udongo. Ndivyo ilivyo kazi ya shamba. Mara chache hupatikana mahali penye kila jema.

Mchenza huvumilia baridi kuliko hikama. Tena, usiku wa baridi husaidia ganda la tunda kupata rangi yake nzuri ya manjano iliyokolea. Katika pwani yenye joto usiku na mchana, chenza huweza kuiva likabaki na ganda la kijani. Basi kwa upande wa hali ya hewa, mchenza hauna ugomvi na Kajiado. Ugomvi wake ni wa maji na wa maradhi.

HESABU YA MAJI

Michungwa na michenza hutaka kadiri ya milimita 900 hadi 1,200 za mvua kwa mwaka, zilizoenea vizuri. Sehemu nyingi za tambarare za Kajiado hazipati hata 700, nazo hunyesha kwa vipindi viwili. Watu wa Kajiado hawahitaji kufundishwa habari za ukame. Mvua zilipokosekana misimu kadhaa mfululizo tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, mizoga ya ng'ombe ilijaa malishoni, na jamaa waliokuwa matajiri walibaki na mifugo ya kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo mtu akipanda mti asiyejua atakavyounywesha, amepanda huzuni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa, hutoa lita moja ya maji. Chukuliwe mfano wa mtu mwenye nyumba ya mabati yenye paa la mita za mraba 50. Masika ikileta milimita 300, paa hilo litapokea lita 15,000. Hata baada ya kutoa yatakayomwagika, maji ni mengi. Lakini mtu huyo akiwa na tangi la lita 5,000 tu, atakachobaki nacho kiangazi kinapoingia ni lita 5,000, wala si zaidi. Yaliyobaki yamekwenda barabarani.

Mche mchanga wa mchenza huhitaji wakati wa ukavu kadiri ya debe mbili kwa juma, yaani lita 40. Tangu mwisho wa Mei hata katikati ya Oktoba ni majuma 20. Mche mmoja basi hutumia lita 800. Miche minne hutumia 3,200, na tangi linaweza kuitosheleza. Miche sita hutumia 4,800, na tangi limekwisha kabla ya mtu kuosha hata kikombe. Miche 20, ambayo wengi huinunua kwa pupa, hutaka lita 16,000, nazo hazipo. Ndipo mwenyewe huanza kuita lori la maji, na kila tunda atakalokula baadaye amekwisha kulinunua mara nyingi.

Kwa ufupi, tangi ndilo liamualo idadi ya michenza, wala si ukubwa wa kiwanja. Tena yafaa kukumbuka kwamba mti ukikua hunywa zaidi ya mche. Kwa hiyo aanzaye na minne amefanya busara. Matandazo ya majani makavu, yaliyowekwa mbali kidogo na shina, huhifadhi unyevu mwingi. Maji ya visima virefu yachunguzwe kwanza, kwa kuwa baadhi ya visima vya Kajiado vina maji ya chumvi, na mchenza ni miongoni mwa miti isiyostahimili chumvi. Majani yakianza kuungua nchani, hiyo ni dalili.

Hikama haina deni refu namna hii. Hutegemea mvua za misimu miwili, huhitaji kumwagiliwa kwa majuma machache katikati, na ikivunwa deni limekwisha. Mwaka mbaya ukija, mtu huacha kuipanda, wala hapotezi kazi ya miaka mitano.

MARADHI YA MCHENZA

Katika nyanda za juu za Kenya kuna ugonjwa wa jamii ya michungwa ambao hauna dawa. Huletwa na mdudu mdogo sana anyonyaye majani machanga, naye hupenda mahali penye baridi kama Ngong. Mahali alipokaa, jani hufanya vishimo upande wa chini na vivimbe upande wa juu. Akiwa na ugonjwa, huuacha ndani ya mti. Majani hupata mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili. Matunda huwa madogo, yaliyopinda upande, hubaki kijani sehemu ya chini, na ladha yake ni chungu. Mti ulioambukizwa hautapona. Mbolea haiuponyi, na kuukata matawi hakuuponyi. Hapana budi kuung'oa, ili usiwe chanzo cha kuiua miti ya jirani.

Kwa hiyo jambo kubwa kuliko yote ni mche wenyewe. Mtu asinunue mche kando ya njia kwa sababu ni rahisi. Anunue katika kitalu kilichoidhinishwa, tena uwe mche uliounganishwa, yaani kichipukizi cha klementina kilichobebeshwa juu ya shina la mlimau mgumu. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Wakati wa kupanda, ile alama ya maungio ikae juu ya ardhi kadiri ya inchi sita. Ikifukiwa, mti huoza.

SUMU YA HIKAMA

Hikama nayo ina hatari yake, nayo ni ya kuogopwa zaidi kwa kuwa humhusu mtoto. Kiazi chake ni chakula safi kabisa. Lakini mbegu zilizokomaa zina sumu iitwayo rotenoni, ambayo zamani ilitumika kuua wadudu na kuvulia samaki. Majani na mashina pia hayafai kuliwa, wala na mtu wala na mbuzi.

Hatari iko katika sura yake. Maganda ya hikama hufanana na ya maharagwe, na mtu asiyejua huweza kuyachuma akayapika. Katika Thailand na Taiwan wamekuwako watu waliokula mbegu hizo kwa kuzidhani chakula, wakaugua vibaya, na wengine wakafa. Katika nyumba ambayo mama ameondoka kwenda sokoni na watoto wana njaa, kosa la namna hiyo ni rahisi kutokea.

Kwa bahati njema, kinga yake ni kazi moja yenye faida mbili. Mmea ukianza kutoa maua, mkulima na ayakate yote. Pasipo maua hapana maganda, na pasipo maganda hapana mbegu za sumu. Tena, nguvu ambayo mmea ungeitumia kuzalisha mbegu hurudi chini, na kiazi huwa kikubwa zaidi. Atakaye mbegu za kupanda mwaka ufuatao aache mimea michache katika mahali palipozungushiwa ua, na mbegu zikaushwe na kuwekwa katika chombo chenye alama, mbali na jikoni, wala zisiwekwe kamwe pamoja na maharagwe.

Liko jambo jingine la kufahamika. Haimpasi mtu kuletewa mbegu za hikama ndani ya barua au mkoba kutoka ng'ambo. Sheria ya Kulinda Mimea, Sura ya 324, hutaka mbegu na miche iletwayo kutoka nchi nyingine iwe na kibali. Vibali hivyo hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, ambalo makao yake makuu yako Karen, mwendo mfupi tu kutoka Ngong.

MATUMIZI YAKE NYUMBANI

Kiazi cha hikama humenywa ganda lote, ambalo ni gumu na haliliwi. Ndani ni cheupe, chenye maji mengi, na hutafunwa kibichi kama tunda. Huko Meksiko hukatwa vipande, kikatiwa ndimu na kutiwa chumvi na pilipili, kama wafanyavyo watu wa Mombasa kwa embe bichi. Huweza kuingia katika kachumbari, au kukaangwa pamoja na nyama bila ya kulainika. Kihifadhiwe mahali pakavu penye hewa, wala kisiwekwe katika friji, kwa maana baridi kali hukiharibu.

Lakini asidhani mtu kwamba hikama itachukua mahali pa ugali au kiazi kitamu. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, na nguvu iliyomo haifiki nusu ya ile ya kiazi kitamu. Ni kiburudisho chenye nyuzinyuzi zifaazo tumbo. Faida yake nyingine iko ardhini: kwa kuwa ni jamii ya kunde, mizizi yake huongeza rutuba, na sukuma wiki ikifuata katika tuta lile lile hustawi.

Chenza halihitaji kuelezwa. Lina vitamini C zaidi ya mara mbili ya ile ya hikama kwa uzito ulio sawa, mtoto hulimenya mwenyewe akielekea shuleni, na ganda lake lililokaushwa hutia harufu nzuri katika chai. Mti wenyewe hutoa kivuli, na maua yake hupendwa na nyuki. Klementina likikaa mbali na jamii nyingine za machenza huwa halina mbegu. Likichanganyika na unga wa maua yao huweza kutia mbegu, lakini utamu haupungui.

Kwa upande wa soko, chenza linajulikana na kila mtu, ila hushindana na matunda yatokayo Makueni na hata Muheza katika Tanzania. Hikama haina mshindani, lakini pia haina mnunuzi aliyekwisha kuizoea. Atakayeilima eka nzima kabla ya kupata mnunuzi atabaki na rundo la viazi asilojua la kufanya.

KIPI KICHAGULIWE?

Mwenye kiwanja chake mwenyewe, mwenye tangi na ua imara wa kuzuia mbuzi na punda milia, na awezaye kungoja, apande michenza minne yenye asili safi. Wahenga walisema subira huvuta heri, na mti huu ni shule ya subira. Mwenye kukodi, au asiye na hakika kwamba atakuwapo miaka mitano ijayo, asipande mti kwa ajili ya mwenye nyumba. Huyo na ajaribu hikama.

Jaribio lenyewe liwe dogo. Matuta manne ya futi kumi, yenye mimea iliyoachana futi moja, huchukua mimea 40. Kila mmoja ukitoa kiazi cha nusu kilo, hizo ni kilo 20, zitoshazo kuonja, kuwaonjesha majirani, na kujua kama wauza matunda wa Ngong au Kitengela watazitaka. Mwaka wa pili ndio wa kuongeza au kuacha.

Aliye na nafasi ya vyote viwili hana sababu ya kuchagua. Wakati miche ya michenza ingali midogo, ardhi iliyo katikati huwa wazi, na matuta ya hikama huweza kukaa hapo miaka miwili ya kwanza, mradi yasiifikie mizizi ya miche wakati wa kuchimba.

Kabla ya lolote, yafaa kumwita Bwana Shamba wa wadi auangalie udongo na maji. Wahenga walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji mwenye akili humuuliza mgeni atokako, akamwonyesha pa kukaa, na kuwaambia watoto wake wasiguse vilivyomo katika mzigo wake. Hikama na ipokewe hivyo katika Kajiado, kwa ukarimu na kwa tahadhari.